Mwalimu Kiraka na Projekta

Wifi yangu ni mwalimu wa kushikilia. Mwenzake akiugua, akijifungua au akihamishwa, shule inampigia simu, naye anaingia darasani kuziba pengo. Mwenye nafasi akipatikana, anakusanya vitu vyake anaondoka. Wanafunzi walimwita Kiraka, tena si kwa siri sana. Hakuwahi kukasirika. "Suruali bila kiraka ni aibu ya mwenye suruali," aliniambia. Mimi ningekasirika. Ndiyo maana kaka yangu, aliyekua akigombana nami kutwa, alipotafuta mke alitafuta mtu mpole.

Kinachochosha katika kazi hiyo si watoto, ni mitambo. Kila darasa lina projekta yake, na kila projekta ina kichaa chake. Kuna moja ilikuwa haiwaki mpaka ipigwe kofi la ubavuni. Kuna spika zilizosema tu pale waya wake uliposhikwa kwa vidole, basi wifi akafundisha kipindi kizima ameushika, kama muuguzi anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bibi huyu alikuwa kila mwezi kwenye kitanda kipya. Nikimtania hivyo mbele ya kaka, kaka hacheki.

Shule ya mwisho ilikuwa tofauti, kwa sababu safari hii pengo lilikuwa la kudumu. Mwalimu wa jiografia alihamishwa moja kwa moja, na mkuu wa shule akasema wazi kwamba atakayeshikilia vizuri ataajiriwa. Wifi aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Alikuwa amechoka kuishi na simu mkononi akisubiri mtu augue. "Wifi," aliniambia siku moja tukianika nguo, "nimefika mahali nikisikia mwalimu anakohoa, nafurahi. Huo si utu."

Lakini projekta ya chumba cha jiografia ikamkataa. Anaiwasha, inawaka vizuri, picha inakaa ukutani. Akianza tu kunogewa na somo, pap, imezima. Feni inazunguka, taa zinawaka, kompyuta yake ina betri na haina habari kwamba kuna msiba. Projekta peke yake ndiyo imekufa. Anachomoa waya, anachomeka, anabonyeza, anamwomba Mungu. Kimya. Baadaye akimleta fundi, inawaka mara moja, bila haya, na fundi anamtazama kwa huruma kama mtu aliyesema ameona jini.

Walimu wengine waliingia chumba kile kile, wakaiwasha projekta ile ile, wakafundisha mpaka kengele. Basi maneno yakaanza. Mkono wake mzito. Mkono wake una mkosi. Na maneno ya ofisi ya walimu yana miguu. Yakamfikia mkuu, mtu aliyewapigia magoti wafadhili mpaka shule ikapata mitambo ile. Akamwambia wifi kwamba atakuja kukaa nyuma ya darasa amwone akifundisha, kisha atampa jibu.

Wiki ile nyumba nzima iliishi roho mkononi. Wifi aliunguza chakula, akampigia simu mama mkwe wake, yaani mama yangu, akamwita "mkuu." Nilimshauri aachane na mashine, afundishe kwa ubao kama tulivyofundishwa sisi. "Mkuu haji kutazama kama najua kufundisha, wifi," alinijibu. "Anakuja kutazama kama mashine inanitii."

Siku ikafika. Somo lilikuwa volkano. Mkuu akaketi kwenye dawati la nyuma, magoti yanakaribia kidevu, wanafunzi wakanyoosha migongo. Projekta ikawaka. Mlima uliopasuliwa katikati ukajaa ukuta mzima, na ndani yake uji mwekundu wa mawe, darasa likasema "aaah." Wifi akaanza kuamini. Kisha, pap.

Kule nyuma mkuu aliinamisha macho. Wifi akajua unga umemwagika. Na kwa kuwa umeshamwagika, akaamua kutoigusa tena ile mashine. Potelea mbali, watoto wamalize somo lao.

"Haya, nitazameni mimi," akasema. "Nani hapa amewahi kuchemsha maziwa?"

Mikono ikapanda.

"Ukiyafunika, mfuniko ukabana, inakuwaje?"

"Yanamwagika, mwalimu!"

"Na kabla hayajamwagika?"

"Mfuniko unatetemeka!"

"Ehe! Sasa ardhi ndiyo mfuniko. Huko chini kuna kitu kimetiwa motoni, hatukioni, hatukisikii, lakini kinachemka, na kikichemka sana—"

"Birika!" akapaza sauti mkuu wa shule.

Darasa zima likageuka. Mkuu alijikwamua kutoka kwenye dawati, dawati likaanguka, naye akatoka mbio, tai imemrukia begani. Wifi alidhani mzee amepatwa na wazimu, na kwa hali aliyokuwa nayo, hakuona kama ni jambo baya sana.

Kumbe kisa chenyewe ni hiki. Soketi za chumba cha jiografia na ile ya pembeni mwa ofisi ya walimu zinategemea waya mmoja wa zamani. Projekta ikiwa imewashwa, mama wa chai akachomeka birika la umeme, waya unalemewa na kiswichi kule kwenye boksi kinajiangusha chenyewe. Mama wa chai huenda kukiinua kwa wakati wake, na kufikia hapo wifi ameshakata tamaa. Walimu wote wa shule ile walilijua hilo. Kabla ya kuwasha projekta unamtumia mama wa chai neno, "leo natumia," naye anasubiri. Walikuwa wamelijua muda mrefu hata wakasahau kwamba ni jambo la kumwambia mgeni. Watu wazima, wenye vyeti, wakaona ni rahisi zaidi kuamini mkosi. Nikiwafikiria natamani kuvaa viatu niende nikawasalimie.

Na siku ile chai aliiagiza mkuu mwenyewe. Alitaka iwe tayari mezani wakati akimpa wifi jibu lake, maana jibu baya halitolewi kavukavu.

Mara picha ya mlima ikarudi ukutani. Mkuu akatokea mlangoni akitweta, na mama wa chai nyuma yake, mikono kiunoni.

"Wenzake wote huniambia!" mama wa chai alilalamika. "Huyu hajaniambia hata siku moja. Nikajua hatumii!"

"Mwalimu," mkuu akauliza, "hukuambiwa habari za birika?"

"Birika gani, mkuu?"

Darasa likaangua kicheko, na mkuu naye akacheka, kisha akaacha kucheka. "Tumekukosea," akasema mbele ya watoto wote, na kwa hilo namheshimu. Halafu akamwita nje ya mlango, akashusha sauti. "Nilikuja na jibu mfukoni, mwalimu, na halikuwa zuri. Lisahau. Nafasi ni yako, kama bado unatutaka."

Wifi alirudi ndani akakalia meza. Anasema alijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani baada ya mwendo mrefu. Wala hakuanza kufikiria ajira. Alifikiria tu: kumbe si mimi. Siku zote zile, kumbe haikuwa mimi. Machozi yakamtoka kidogo, akajifanya anafuta miwani.

Kengele ikalia mlima ukiwa bado haujalipuka. Wanafunzi wakaanza kufunga vitabu. Mwalimu wa kushikilia hana neno lake la kufungia kipindi. Hajui kesho ataamkia shule gani, basi husema tu "mtaendelea na mwalimu wenu" na kufuta ubao. Wifi alisimama, akafungua kinywa kusema hilo hilo, likamkwama.

"Kesho tutaendelea," akasema.

Msichana wa dawati la mbele akainua kichwa. "Na nani, mwalimu?"

"Na mimi."