Saba ya Mama

Mwenzangu wa ofisi ya Bungoma ni wakili mzuri. Sheria anaijua, na mbele ya hakimu ulimi wake haukwami. Lakini namba za vifungu anazipiga moja moja kwa kidole, kama mtu anayehesabu kuku jioni. Kompyuta ingezipanga yenyewe. Nimemwambia hivyo mpaka nimechoka; sikio la kufa halisikii dawa. Kwa hiyo kila mkataba anaoutuma hapa Kitale, mimi ndiye hukaa nao nikifuata kila "tazama kifungu cha tano" nione kama hicho cha tano bado kipo mahali pake.

Ulionitoa jasho kuliko yote ulikuwa wa mjane mmoja wa Endebess. Alikuwa akikodisha shamba lake kwa mkulima wa mahindi, akibakiza nyumba yake na kaburi la mumewe. Hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea rasimu mimi mwenyewe. Kifungu cha saba kilisema nyumba, kaburi na njia ya kuvifikia haviguswi. Akanifanya nikirudie, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Sikujua amekwenda kutangaza.

Kisha mwanawe mkubwa, anayeishi Bungoma, akampitia mwenzangu na ombi. Siku ya makubaliano pasta alikuja akaomba, kwa maana kwao jambo la ardhi halianzi bila maombi. Sasa mwana huyo alitaka maombi hayo yaandikwe. Tena si kule juu kwenye utangulizi, ambako hayangemdhuru mtu. Alitaka yawe namba moja.

"Mungu hawezi kukosa namba, bana," alisema.

Na mwenzangu, badala ya kukataa, akasema amina akaandika.

Vifungu vyote vikasukumwa chini. Nyumba ya mama ikawa ya nane. Ruhusa ya kukata miti na kung'oa ua ikawa ndiyo ya saba. Na huko mbele bado paliandikwa kwamba mpangaji atalima shamba lote isipokuwa sehemu iliyotajwa katika kifungu cha saba. Yaani trekta ingepita juu ya marehemu na mpangaji angetuonyesha karatasi. Nilikasirika mpaka chai yangu ikapoa.

Nikarekebisha, saba ikawa nane kila palipohitajika. Mama alipokuja kutia dole gumba, nikamweleza kwamba nyumba yake sasa ni namba nane. Akarudisha mkono.

"Nane? Mimi nimeshaambia watu wote nyumba yangu iko saba. Majirani wanajua. Hata huyo wa mahindi nimemwambia. Ati sasa nianze kuzunguka tena?"

"Mama, ni namba tu. Maneno ni yale yale."

"Kama ni namba tu, si unirudishie yangu?"

Nikampigia mwanawe simu. Je, maombi yanaweza kukaa bila namba? Hayawezi. Mungu wa kwanza, mama wa saba, na mimi katikati nikihangaika. Mwishowe nikachukua kifungu cha maji na cha barabara ya trekta, vilivyofuatana huko juu, nikaviunganisha kuwa kimoja. Kisha nikaanza upya kufuata namba zote, nikimtukana mwenzangu kimoyomoyo kwa lugha ya kwetu, huku mama ameketi kwenye benchi akinitazama kama fundi aliyechelewesha nguo. Nilipomsomea saba yake, akatia dole.

Msimu wa kulima ulipofika, akanipigia simu. Dereva mgeni alikuwa ameelekeza trekta kaburini, na mama amesimama mbele yake na nakala yake mkononi.

"Nimemwambia asome saba," alisema, injini ikinguruma karibu naye.

Nikasikia sauti ya mwanamume ikisoma polepole: nyumba, kaburi, njia. Halafu ngurumo ikageuka, ikaenda ikififia.

"Umesikia, wakili?" mama akaniuliza. "Na wewe ulitaka kunipa nane."