Sidi Alipokwenda Kozi

Mwaka wa tisini na tatu Sidi alikuwa mama wa watoto watatu, na maishani mwake hakuwa amewahi kulala kitanda cha peke yake. Kwao Kaloleni alilala na dada zake. Alipoolewa akalala na Kenga, kisha na Kenga pamoja na kila mtoto kwa zamu yake. Basi Bwana Masha, mkuu wa ofisi ya serikali aliyofanyia kazi, alipomwita na kumwambia jina lake limepita kwenda kusomea uopereta wa simu, wiki sita, chuoni hapa hapa kisiwani, kula na kulala, neno lililomshtua halikuwa simu. Lilikuwa kulala.

"Siwezi kuwa nikirudi nyumbani jioni, bwana? Ni mwendo wa miguu tu."

"Kozi ni ya bweni, Bi Sidi. Opereta wetu anastaafu na nafasi ni moja. Ukiikataa atapewa mtu wa ofisi nyingine."

Sidi alikuwa karani wa masijala, kazi ya kubeba majalada kutoka rafu hii hadi meza ile. Kozi alizisikia tu. Zilikuwa za wakubwa, waliotoka nazo Nairobi na mikoba mipya na maneno mapya. Hakudhani hata siku moja kwamba serikali ingekumbuka kuna mtu kule nyuma ya rafu.

Nyumbani kwake kulikuwa Kibokoni, vyumba viwili vya juu katika nyumba ya Bwana Badruddin na mkewe, Bi Mubaraka, Wahindi Mabohora waliouza rangi na misumari dukani chini. Kenga, kuli wa bandari ya Kilindini, aliposikia habari ile alivua viatu polepole kama mtu anayepima maneno.

"Mke wa mtu alale bweni, na nyumba yake i papa hapa? Watu watasema nimekufukuza."

"Watasema, kisha watachoka."

"Na watoto?"

Bi Mubaraka, ambaye ngazi haikumzuia kusikia lolote, alipanda juu akihema. "Kenga, wanangu mimi nawasukuma kusoma na hawataki. Mkeo anaitwa asome, wewe wamzuia? Watoto watakula kwangu mchana. Usiku wapikie wewe. Mikono si unayo?"

Jumapili ile Sidi alipoondoka na sanduku lake kichwani, mumewe alikuwa zamuni.

Bwenini alipewa kitanda chenye shuka nyeupe karibu na dirisha. Kitanda cha pili kilikuwa cha Truphosa, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyetoka Kakamega na kushangaa kila kitu: joto, papa mkavu sokoni, wanawake wenye mabuibui. Usiku wa kwanza Sidi alijinyoosha, akatupa mkono huku, akatupa huku, asimguse mtu. Alidhani angelala usingizi wa pono. Badala yake alikesha akisikiliza ukimya.

Lakini asubuhi ilikuwa tamu. Chai ilikuwa imepikwa na mtu mwingine! Alikunywa akiwa amekaa, mpaka mwisho wa kikombe. Darasani mwalimu wao, Bi Awiti, aliwafundisha swichibodi, namna ya kupokea simu na kuielekeza, na zaidi ya yote, sauti. "Anayepiga simu hakuoni," alisema. "Hajui kama umevaa vizuri au umegombana nyumbani. Sauti yako ndiyo ofisi." Wakarudia, watu wazima kumi na kitu kwa pamoja, kama watoto wa chuo cha Kurani wanaosoma juzuu: habari za asubuhi, nikusaidie vipi, tafadhali subiri kidogo.

Jumamosi ilikuwa siku ya wageni. Jumamosi ya kwanza Kenga hakuja. Sidi alifua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ya pili alikuja, amesimama nje ya lango na kofia yake ya kazini mkononi.

"Tui linakatika," alisema, hata salamu hakutoa. "Kila nikilitia, linakatika. Watoto wamekula mchuzi kama maji ya dafu mara tatu."

"Moto wako ni mkali. Na usiache kukoroga."

"Basi?"

"Basi."

Akaenda zake. Jumamosi ya tatu alirudi, na safari hii hakuwa na swali. Alikuwa amevaa shati lake la arusini, na mkononi ana viazi karai vya moto kwenye karatasi. Wakakaa kwenye benchi la saruji ndani ya lango. Wao waliozwa haraka, wazee walipokubaliana, na hawakuwahi kuchumbiana hata siku moja. Katika miaka yote ile kila walipozungumza, mmoja alikuwa ameshika ndoo au mtoto. Sasa mikono ilikuwa mitupu. Kenga alimweleza kuhusu makontena, jinsi kreni moja inavyofanya kazi ya watu wengi, na jinsi anavyoogopa wakati mwingine akiyatazama yakining'inia juu.

"Hukuwahi kuniambia," Sidi akasema.

"Hukuwahi kukaa."

Wiki ya nne Bi Awiti aliwataka wapige simu za kweli, kila mmoja kwa zamu, kipaza sauti kikiwa wazi darasa lisikie na kusahihisha. Sidi hakuijua kwa moyo nambari nyingine ila ya dukani kwa Badruddin. Mzee akapokea kwa kelele, kisha akasikika akiita juu ngazini. Baadaye ikaja sauti nyingine, imekauka.

"Haloo."

"Habari za asubuhi. Nazungumza na Bwana Kenga?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Ni Sidi."

"Sidi yupi?"

Darasa likacheka. "Sidi mkeo."

"Mbona wazungumza kama redio?"

"Ni mafunzo. Huko kwema?"

"Kwema. Watoto wako skuli." Kisha akashusha sauti. "Lakini nyumba imepooza, Sidi. Mtu arudi zamuni, hana wa kumwambia neno. Sikujua kuwa mimi ni mtu wa maneno."

Hakuna aliyecheka tena. Bi Awiti alinyoosha mkono kuzima kipaza sauti, lakini alikuwa amechelewa.

"Vizuri," mwalimu akasema simu ilipokwisha. "Ila hukumuuliza kama angependa kuacha ujumbe."

"Ameuacha, mwalimu," Truphosa akajibu, akijifuta macho kwa mkono wa blauzi.

Sidi alifaulu, akakalia swichibodi, na haukupita muda sauti yake ikajulikana katika ofisi nyingi za mji. Nyumbani, mwezi wa kwanza, walizungumza kila jioni. Kisha zamu za Kenga zikabadilika, mtoto akaugua, maji yakakatika mtaani. Sidi naye aliyeshinda akisema na wageni alirudi ulimi umechoka. Hawakugombana. Waliacha tu, kama watu wanavyoacha. Mara nyingi, katikati ya kuunganisha simu za watu, aliitamani Jumamosi moja ya zile.

Mwaka wa tisini na tisa Kenga alikuwa amekwisha kustaafu mapema, kazi za makuli zilipopungua. Jioni moja Sidi alimkuta akikuna nazi. Akaweka mkoba chini, akaketi karibu naye badala ya kwenda kubadili nguo.

"Unalikumbuka lile benchi la chuoni?"

"Mimi namkumbuka bawabu na daftari lake la wageni," Kenga akasema. "Ile siku ya viazi aliniuliza, wewe ni nani wake? Nikamwambia, mume. Akalitazama shati langu, akasema, waume hawaji hivi, sema kweli."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, basi andika mchumba."

Sidi alicheka hata Bi Mubaraka akauliza kutoka chini kuna nini. Hawakumjibu. Kenga alisogeza mbuzi ya kukunia kando, akafuta mikono, na Sidi akamwuliza siku yake ilikuwaje.