Siti yangu ya dirishani

Leo nimelipia siti ya dirishani, nikakaa katikati.

Ndege ya bei nafuu, Dar kuja Mwanza. Ukitaka kuchagua siti unaongeza hela, nami nikaongeza kwa roho safi, maana nilitaka kuliona ziwa tukishuka. Miaka mitatu sijafika nyumbani.

Naingia, nakuta mama mtu mzima ameshakaa pale, kibegi mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapa."

Sasa nyie niambieni. Mtu ameshakuitikia marahaba, amekukaribisha kama uko sebuleni kwake, unamwambiaje anyanyuke?

Nikakaa.

Halafu akashusha kifuniko cha dirisha. Anaogopa, ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege.

Nilinuna safari nzima, sitawaficha.

Tulipoanza kushuka, mhudumu akapita akasema madirisha yafunguliwe. Nikafungua. Mama akafumba macho, akanishika mkono kwa nguvu.

"Angalia wewe, mwanangu. Unaona nini?"

Nikainama mbele yake. "Naona ziwa, mama."

"Na mawe?"

"Na mawe. Na mabati ya nyumba mlimani, yanang'aa."

"Basi tumefika," akasema, macho bado ameyafumba, machozi yanamtoka.



Nje, mwanawe aliyekuja kumpokea akanishukuru kwa kumpisha mama yake dirishani.

Jamani, sikumpisha. Nilishindwa tu kumnyanyua.

Na nashukuru nilishindwa. Peke yangu ningepiga picha tu.