Wazee Wasiouliza Ukoo wa Nyanya

Mwaka wa 1992, nikiwa na miaka kumi na minane, ndipo shida ilipoanza. Baba alikuwa fundi wa reli na tulikaa Makongeni, Nairobi, nyumba ya kazi. Wakampunguza kazini, na nyumba ya kazi huondoka na kazi. Tulibeba kitanda, meza na jiko, tukavuka barabara ya Jogoo, tukapanga chumba kimoja upande wa pili. Mama alikuwa ameshafariki. Tulikuwa watatu: baba, kaka yangu mkubwa na mimi. Shule niliiachia darasa la tano na sijawahi kuililia.

Ninaandika haya kwa sababu ya binti yangu. Yeye hutazama michezo ya Kikorea kwenye simu, na hadithi ni ile ile. Askari anajifanya jambazi, anaingia kwenye genge, halafu anampenda dada ya mmoja wao. Mvua inanyesha, wanasimama chini ya mwavuli, binti yangu analia. Siku moja akaniuliza, "Mama, wewe ungemchagua nani, mpenzi au ndugu?" Alidhani anauliza mambo ya kubuni. Nikamwambia azime simu nimweleze. Hakuzima. Basi nimeandika.

Nilianza kuuza supu soko la Burma, supu ya vichwa na miguu ya mbuzi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshawasha moto. Hakuna aliyenifundisha. Mwaka wa pili watu walikuwa wakipita supu za wenzangu wakija kwangu, na wenzangu walinichukia, sawa tu.

Kaka yangu hakuwa na kazi inayojulikana. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakisimamisha malori barabara ya Kangundo na kushusha mzigo. Mzigo waliuficha kwenye stoo moja Njiru, wakati huo Njiru ikiwa machimbo ya mawe na vichaka. Mimi nilijua. Sukari ya chai yetu ilitoka kwenye gunia, na hakuna fundi aliyefutwa kazi anayenunua sukari kwa gunia. Baba pia alijua. Tulikoroga, tukanywa.

Mwaka wa 1995 akaja mchoma nyama mpya kwenye bucha iliyopakana na meza yangu. Alisema ni mtu wa magharibi kama sisi, ila alilelewa Mombasa, ndiyo maana lugha ya nyumbani haijui. Alichoma vibaya. Aligeuza nyama kila dakika kama mtu anayetafuta kitu chini yake. Lakini alikuwa mtaratibu. Alinibebea maji bila kuombwa na hakunishika mkono mbele za watu. Aliniita jirani. Baada ya miezi minne nilikuwa nimeanza kuvaa kitambaa kizuri kichwani nikienda kuchemsha miguu ya mbuzi. Sitasema zaidi ya hapo.

Kaka yangu alimpenda pia. Walikuwa wakikaa pamoja wakila mbavu, na siku moja nikamsikia akimwambia, "Wewe lete wazee wako nyumbani. Ukishakuwa shemeji, sitakuficha kitu."

Basi wazee wakaja. Ilikuwa Jumamosi mchana, wazee wanne wenye makoti na kijana mmoja aliyefuatana nao, na mkate na sukari na kitenge cha kunipa mimi. Niliwapikia kuku. Walizungumza Kiswahili, wakasema wamekaa mjini muda mrefu. Waliuliza ukoo wa baba, wakauliza ukoo wa mama, wakaitikia kwa vichwa wakasema ni vizuri. Baba akataja idadi ya ng'ombe. Mzee mwenye mvi akasema wamekubali. Wakala, wakaomba, wakaenda. Kaka yangu aliwasindikiza akiimba.

Mimi nikabaki nikikusanya sahani. Baba alikuwa bado kwenye kiti.

"Mama," akaniambia, maana kwetu baba humwita binti yake mama, "wale si wazee."

"Baba, mmoja ana mvi kukushinda."

"Mvi anazo. Lakini kila nikimuuliza kitu, anamtazama kwanza yule kijana aliyekaa karibu na mlango. Mzee gani anaomba ruhusa kwa kijana?"

Nikaendelea kukusanya sahani.

"Na hawakuuliza ukoo wa nyanya yako."

Hapo nikaweka sahani chini. Kwetu ukoo huulizwa mara nne: wa baba, wa mama, wa nyanya mzaa baba, wa nyanya mzaa mama. Ukigongana hata mmoja, hakuna ndoa. Mzee wa kwetu anaweza kuwa mlevi, anaweza kuwa kiziwi, lakini hilo atauliza. Na ng'ombe hawakubaliwi kwa mara ya kwanza. Mzee wa kweli hupiga kelele, huinuka ajifanye anaondoka, huvutwa koti arudi.

"Labda ni yatima," nikasema. "Labda amewakodi."

"Yatima angesema," baba akajibu. "Huyo ni serikali. Na serikali haijakuja kukuoa wewe."

Akaomba chai. Nikampa. Hakuweka sukari, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilimwona akinywa chai hivyo.

Jumapili kaka yangu alimpeleka shemeji yake mpya Njiru kumwonyesha stoo. Jumatatu asubuhi nilimkuta mchoma nyama akipepea makaa. Mimi nilikuwa nimekaa na kisu nikikwangua miguu ya mbuzi.

"Jirani," nikamwambia, "nyanya yako mzaa mama ni wa ukoo gani?"

"Kwa nini?"

"Wazee wako walisahau kuuliza wa kwangu. Nikasema nianze mimi."

Akacheka kidogo, akageuza mbavu ambazo hazikuwa zimepata hata joto. "Nitamuuliza mzee."

"Yupi? Yule anayeomba ruhusa kwa kijana?"

Akarudia kupepea makaa. Kisha akasema bila kunitazama, "Endelea kukwangua. Watu wanatuangalia."

Nikaendelea kukwangua. Alizungumza akipepea makaa, taratibu, kama anaeleza bei ya nyama. Alisema Ijumaa mchana kaka yangu na wenzake wataingiza mzigo Njiru, na wakubwa wake watakuwa wanangoja pale, na hakuna atakayeulizwa jina. Alisema kaka yangu asiwe mjini siku hiyo.

"Na wale wawili?"

"Siwezi. Wote watatu wakikosekana, itajulikana ni mimi nimesema."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Utapiga risasi?"

"Nikiambiwa."

Niliosha kisu. Nikamuuliza lile ambalo msichana wa kwenye simu ya binti yangu huchukua sehemu kumi na sita kuliuliza. "Ulikuwa unanipenda ama ilikuwa kazi?"

"Yote mawili," akasema.

Angesema ni kazi, ningejua la kufanya. Ningemtaja kwa kaka yangu na jioni hiyo asingekuwepo. Angesema ni mapenzi, ningejua ni mwongo. Alisema yote mawili, na nilimwamini, na mpaka leo ninamwamini. Hilo halinisaidii kitu.

Kumwambia kaka yangu ukweli kulikuwa kumwua mtu. Kunyamaza kulikuwa kumwua kaka yangu. Nilitafuta njia ya tatu nikaipata kwa nyanya.

Kaka yangu alibeba jina la babu yetu, kwa hiyo nyanya, mama yake baba, alikuwa akimwita mume wangu. Tangu utotoni. Akifika nyumbani kijijini, nyanya alimwekea kiti cha babu na kumgombeza kwa kuchelewa kurudi. Mtu wa namna hiyo hakosi mazishi ya nyanya, hata awe jambazi. Asingetia mchanga kaburini, angekuwa amemwacha mke wake azikwe na wageni.

Jumatano jioni nikamwambia kaka yangu kwamba mtu wa basi ameleta habari, nyanya amefariki. Nililia. Kulia halikuwa jambo gumu. Baba alinitazama muda mrefu, kisha akafunika uso kwa mikono, akasema, "Nenda wewe mbele, kijana. Mimi na dada yako tutafuata." Baba alikuwa amemzika mama yake akiwa hai, mbele ya mwanawe, na hakuniuliza neno.

Kaka yangu alipanda basi Alhamisi asubuhi.

Alhamisi hiyo hiyo, mchana, mwenzake mmoja akaja mezani kwangu. Yule mrefu, aliyependa supu yenye pilipili nyingi na aliyekuwa akiniita sistee. Nilimjua tangu Makongeni, baba yake na baba yetu walikuwa karakana moja.

"Niaje, sistee. Pole kwa nyanya. Buda, kaka yako, ameenda?"

"Ameenda."

"Ametuacha na kazi, lakini ni sawa. Mazishi ni mazishi."

Nilimwekea bakuli. Alikoroga, akanitazama.

"Mbona nyama yote hii? Nimeshinda nini leo?"

"Kula, kijana. Unaongea sana."

Alikula akamaliza, akalamba mfupa, akasema supu yangu itaniua kwa utajiri. Mchoma nyama alikuwa hatua nne kutoka pale, amempa mgongo. Ningeweza kusema neno moja. Sikusema. Ningemwambia yeye, angemwambia yule wa tatu, na wangetafuta ni nani ametoa habari, na jibu lilikuwa limesimama pale likigeuza mbavu. Nililipima hilo. Kwamba nilishtuka, kwamba nilikuwa msichana, sitasingizia. Nilipima nikanyamaza.

Ijumaa jioni soko lote lilikuwa na habari. Wawili wamepigwa risasi Njiru, mchana wa saa saba. Jiko la bucha halikuwa na mtu, na mwenye bucha alikuwa akichoma mwenyewe.

"Kumbe yule alikuwa karao, polisi kabisa!" akasema mama wa kachumbari.

"Ndiyo maana alikuwa anatuunguzia nyama," akajibu mwenye bucha.

Watu wakacheka. Nami nilicheka, maana nisingecheka ningetazamwa.

Kaka yangu, nyumbani, alimkuta nyanya akipukuchua maharagwe. Nyanya akamtazama katika suti yake nyeusi, akasema, "Mume wangu, umekuja kunizika? Subiri basi nimalize haya." Lakini baadaye alitetemeka, maana kwetu aliyetangazwa kufa akiwa hai haachwi hivyo hivyo. Ilibidi kuku achinjwe na wazee waje waseme maneno. Kwa hiyo kaka yangu alikaa. Jumapili akasikia habari ya Njiru kwenye redio ya jirani. Alirudi Nairobi baada ya wiki mbili, saa nne asubuhi, nikiwa ninafua.

"Nani alikwambia?" akauliza.

Nikamweleza. Wazee, ukoo, makaa, Ijumaa. Sikuacha kitu. Nilidhani atanipiga. Alikaa kwenye ndoo niliyokuwa nimeigeuza.

"Wale wawili," akasema, "wao hawakuwa na nyanya?"

Jibu la hilo nimelitafuta karibu miaka thelathini. Nilianika nguo. Alipoondoka alienda moja kwa moja nyumbani, akalima miwa, na hajaiba tena hata muwa wa jirani.

Miezi sita baadaye mchoma nyama alirudi. Hakuja na makoti. Alikuja na mzee mmoja, baba yake mzazi, mchonga vinyago kutoka upande wa mashariki, Ukambani. Kumbe hata wa magharibi hakuwa. Huyo mzee alikuwa mzee kweli. Aliuliza kila kitu: nyanya, nyanya wa nyanya, kama kuna wachawi, kama kuna kifafa. Baba alipotaja ng'ombe, yule mzee akainuka, akasema anaenda zake, baba akamvuta koti. Walipendana pale pale. Mgeni alikuwa ameleta kigoda cha miguu mitatu alichokichonga yeye, cha mbao nyeusi.

Baba akanigeukia. "Mama, unasemaje?"

Mchoma nyama alikuwa ananitazama. Alikuwa amekonda. Hakuna mvua iliyonyesha, ilikuwa Januari, jua kali. Nilimtaka. Nisiandike uongo, nilimtaka kuliko nilivyomtaka mtu yeyote tangu hapo, na baadaye niliolewa na dereva mwema niliyemzalia watoto watatu, Mungu amweke pema. Lakini kaka yangu angekuja lini kwenye nyumba hiyo? Angekaa kiti gani, akimtazama nani? Nilikuwa nimeshamwuza yule mrefu kwa bakuli moja la supu ili kaka yangu aishi. Kama ningemkosa kaka yangu pia, basi yule alikufa bure.

"Hapana," nikasema. "Watusamehe, baba."

Mchoma nyama hakubisha. Alisema, "Sawa, jirani." Baba yake alikasirika kidogo, akasema hawezi kubeba kigoda mpaka Ukambani tena, kwa hiyo kibaki.

Binti yangu akisoma hapa atasema si mwisho mzuri. Mimi sikuahidi mwisho mzuri.

Leo ninamiliki bucha mbili Burma, moja ikiwa ile ile ya jirani. Friji tatu. Mizani ya umeme. Nyumba ya kupangisha Njiru, orofa nne, vyumba ishirini na vinne, vyote vina watu. Kiwanja, pale palipokuwa na ile stoo, nilikinunua wakati hakuna aliyekitaka, na ninajua kwa nini hawakukitaka. Pikapu moja, kuukuu lakini inawaka. Shamba dogo nyumbani, kando ya la kaka yangu. Kigoda cha miguu mitatu, ninachokalia nikikwangua miguu ya mbuzi, maana kazi hiyo bado ninaifanya mwenyewe. Na kaka mmoja, ana miaka sitini na mitatu, yuko hai. Akija Nairobi hufika kwangu, husalimu watoto, hula. Supu hanywi.