Siku Madam Alipozimiwa Sauti

Madam wangu wa Jeddah alinifukuza kwa kuwa nilikataa kufanya kazi kwa dada yake pia. Kesho yake akaripoti kwamba nimetoroka, nikawa mtu wa kukamatwa barabarani. Nilijificha mtaa wa Kandara, hukohuko Jeddah, katika chumba cha Wakenya wenzangu, na kila nilipoamka nilimchukia upya.

Mmoja wao alinionyesha kwenye simu wakili wa Riyadh anayepokea kesi kwa mtandao. Ofisi yake iko huko, mtaa wa Olaya. Hadi leo sijaiona. Kesi yangu ilisikizwa nikiwa nimeketi kitandani, simu nimeiegemeza kwenye sufuria.

Madam naye akatokea kwenye kioo cha simu. Nilipoanza kueleza kwa Kiarabu changu cha jikoni, akapiga kelele, "Muongo huyo! Nyamaza!"

Jaji alimwonya. Alipoendelea, akamzimia sauti.

"Haya, sema, dada," jaji akaniambia.

Nikasema yote, tena polepole makusudi, nikitazama mdomo wa madam ukifunguka na kufungika bila neno kutoka. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nifike nchi hii.

Madam aliporudishiwa sauti, jaji akamuuliza kama alinifukuza.

"Ndiyo! Nilimtoa mwenyewe!" akafoka, hasira imemjaa. Wakili wangu akadakia, "Basi hakutoroka."

Ripoti ilifutwa, nikapata kafili mwingine, mwajiri wa kunidhamini. Baadaye madam alinipigia. "Nisamehe, rudi. Watoto wanakulilia."

Wale watoto niliwapenda kweli. "Halas, madam, yamekwisha," nikamjibu, nikakata.

Mama yangu husema nimsamehe. Bado sijataka.