Sumaku za Mwalimu wa Fizikia

Mwalimu wa Fizikia hufundisha mkono mmoja ukiwa mfukoni, na mwanafunzi wake Penina anajua unachezea nini: sumaku nne alizozing'oa kwenye kompyuta mbovu za mtumba, mjini Arusha. Jioni, kwenye tuisheni ya kulipia nyumbani kwake, huzipanga mezani, kisha juu yake huweka kipande cha kile kijiti cheusi cha ndani ya penseli, alichokikwangua kikawa chembamba kama unyasi. Kipande huelea, hakigusi kitu. "Sumaku inakisukuma kidogo tu," hunong'ona, kama anayeogopa kukiamsha, "ila nacho ni chepesi." Darasani hajawahi kukionyesha.

Leo Sifaeli, ambaye haji tuisheni tangu kahawa ya kwao ikose bei, alinyoosha mkono. "Mwalimu, Penina anasema kinaelea kweli. Tunaomba na sisi tukione." Mwalimu alikohoa, akasogea mpaka akaegemea dawati la Sifaeli. "Sumaku nimeziacha nyumbani, kijana." Hapo hapo bikari ya Sifaeli ikateleza juu ya dawati hilo, ikanasa kwenye mfuko wa suruali ya mwalimu. Sifaeli aliinuka, akaibandua taratibu. "Samahani, mwalimu," alisema, kana kwamba kosa ni la bikari, na Penina akashindwa kumtazama yeyote kati yao.