Magadi ya Baba Mkwe

Mkono wangu wa kushoto ulivunjwa kwa rungu la baba mkwe, mzee Efraimu, asubuhi moja pale kwetu Oldonyo Sambu. Kosa langu lilikuwa kumpikia uji. Asante ya punda ni mateke, jamani.

Mzee alikuwa ameanza kupepesuka. Miguu ilimfa ganzi, ulimi ulimuwasha, na hasira zikazidi hata zile alizozaliwa nazo. Alimpiga mbwa wake mpaka akafa. Zahanati wakasema damu imepungua, apewe unga ulioongezwa vitamini. Nikawa nampikia uji wa unga huo kila siku, naye anazidi kudhoofu tu. Basi akatangaza kwa majirani kwamba mimi, Nashilu, namtilia sumu.

Kwetu Waarusha mke hakai na baba mkwe wake wakati anakula. Unaweka bakuli, unainamisha kichwa, unaondoka. Heshima hiyo ndiyo iliyoniponza, maana sikuwahi kuona anachokifanya na chakula changu.

Asubuhi ile alinifuata uani. Akapiga mkono, akapiga bega, akalenga kichwa. Nikalidaka rungu, tukavutana, tukaanguka wote wawili kwenye samadi. Koti lake likachanika, na mabonge ya magadi yakamwagika kutoka mfukoni.

Mume wangu, Oscar, alitupeleka hospitali kwa gari moja. Njiani akaniambia, "Tukirudi funga vitu vyako. Watoto wanabaki." Nililia kuliko nilivyoulilia mfupa.

Daktari alimpima mzee damu, na mimi nikamtajia yale magadi. Mzee hakuficha. Alikuwa anayatia kwenye kila bakuli la uji ili kutuliza kiungulia, mengine anamung'unya hivyo hivyo. Daktari akasema tumbo la mzee limechoka, halinyonyi vizuri vitamini hata ile iliyotiwa kwenye unga, na magadi yanaua asidi kidogo iliyobaki. Vitamini B12 ilikuwa inampita tu, na kuikosa ndiko kulikomharibia mishipa ya fahamu na akili. Dawa yake ni sindano, na magadi aache.

Oscar hakuamini. Mzee alipokuwa anaendelea na sindano, yeye akaita kikao cha ukoo ili nifukuzwe. Nilisimama mbele yao mkono bado umefungwa hogo la plasta, nikiwaza nitalala wapi bila wanangu.

"Huyu mwanamke alimlisha baba sumu," Oscar alianza.

Mzee Efraimu, ambaye sindano zilikwisha kumrudishia nguvu na akili, aliinuka, akamzaba mwanawe kofi lililomwangusha chini, kisha akamwongeza teke la mbavu.

"Nilijiharibu kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. "Na mkono huohuo ukamvunja huyu mtoto bure. Anayetaka kumtoa Nashilu hapa, anitoe mimi kwanza."

Wazee wakainuka, kikao kikaishia hapo. Oscar alitema damu, akanitazama nimletee maji. Sikwenda. Mungu anisamehe, nilifurahi.